Nafasi yangu katika kwanjula ya Sarah

Leicester, Uingereza

Kaka Daudi mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Wifi na kwa Mama, ambaye nimefurahi kusikia kwamba magoti yamempa nafuu na sasa anatembea mwenyewe mpaka kanisani. Ujumbe wako kuhusu fedha za kwanjula, siku binti yako Sarah atakapomtambulisha mchumba wake nyumbani, niliupata, na fedha nimezituma leo asubuhi kwenye simu ya Wifi, zote mlizoomba pamoja na nyongeza ya mahema. Hilo limekwisha. Kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu kama kawaida ni lile jambo ulilolitaja mwishoni kwa maneno machache, kwamba kikao cha ukoo kimeamua Rebeka ndiye atakayekuwa senga, yaani shangazi wa kumtoa Sarah siku hiyo, kwa sababu Baba Mdogo amesema anayemtoa binti lazima awe mwanamke aliyezaa.

Rebeka nampenda, wala sina ugomvi naye. Lakini mimi na wewe ni tumbo moja, Kaka, na shangazi hachaguliwi kikaoni. Kwa Waganda na kwa Wasoga, na hata kwa sisi tuliokulia mtaa wa Walukuba pale Jinja, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja, dada wa baba ndiye anayemfunda binti, na ndiye anayesimama mbele ya wageni kumtambulisha kijana. Sarah alipovunja ungo alinipigia mimi simu, na Wifi mwenyewe ndiye aliyemwambia anipigie. Ada yake tangu kidato cha kwanza mpaka alipotoka Makerere mnajua ilitoka wapi. Siyataji haya ili nilipwe. Nayataja kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyesema kwamba fedha za mwanamke asiyezaa hazifai kumsomesha binti.

Baba Mdogo naye alinitumia ile habari ya mama wa Masaka, aliyejifungua mapacha Kampala mwezi wa Novemba 2023 akiwa na umri wa miaka 70, kwa njia ya upandikizaji wa mimba, na chini yake akaandika kwamba nisikate tamaa. Najua alinitakia mema. Nilimfurahia sana mama yule, na picha yake niliwaonyesha wenzangu kazini, kwa sababu madaktari wale ni wa nyumbani na dunia nzima iliwataja. Hata hivyo, kilichonikaa moyoni ni maelezo yake mwenyewe ya jinsi alivyodharauliwa miaka yote aliyokaa bila mtoto. Mwanamke amefika umri wa kubebewa maji na wajukuu, na bado watu hawajamwachia heshima yake mpaka apate mtoto wa kuwaonyesha. Mimi nilitibiwa huku, haikuwa riziki, na sitaeleza zaidi ya hapo. Nisingependa nikae nikisubiri miaka 70 ndipo niitwe mtu mzima katika ukoo wangu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupata tatizo la uzazi katika maisha yake, na tatizo hilo huwa la wanaume kama lilivyo la wanawake. Wahesabu waliokaa katika kikao chenu, Kaka, uone neno la Baba Mdogo liliwagusa wangapi wakanyamaza.

Tena si kikaoni tu. Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani ilikuwa Mei, Jumapili ya akina mama, na mchungaji aliwaomba wazazi wote wa kike wasimame waombewe. Nilibaki nimeketi kwenye benchi pamoja na wasichana wa shule, nikiwa nimevaa gomesi, vazi letu la heshima, niliyoishonea safari hiyo. Sinema za Kinigeria tulizokuwa tukizitazama sebuleni kwako ni hivyohivyo: mwanamke asiye na mtoto ama ni mchawi, ama analia tangu mwanzo mpaka apewe mapacha mwishoni. Sijaona hata moja ambayo anaamka, anakwenda kazini, anapendwa na watu wake, na hadithi inaishia hapo. Huku nako matangazo ya siku hiyo hayana huruma, ila baadhi ya maduka siku hizi huwaandikia wateja mapema kuwauliza kama wangependa wasitumiwe, na katika kanisa ninalosali watoto hugawa maua kwa kila mwanamke bila kumuuliza ana wangapi. Nililipokea ua langu, nikaliweka mezani likakaa wiki nzima.

Na mji huu unajua habari za kuambiwa hakuna nafasi. Mwaka 1972, Amin alipowafukuza Wahindi, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja kwa maelfu, na leo Belgrave Road ni maduka yao ya sari na dhahabu, na Diwali yao inawashiwa taa na mji mzima. Wazee wao wakilazwa katika hospitali ninayofanya kazi na kusikia kwamba natoka Jinja, hubadili lugha palepale na kuniongelesha Kiswahili. Bibi mmoja aliniuliza nina watoto wangapi, nikamjibu sina. Akanishika mkono, akaniuliza kama yale maduka yenye baraza ya Main Street bado yapo. Siku ile nilitamani upepo wa ziwa na samaki wa Masese mpaka nikashindwa kula chakula cha mchana.

Sikukwambia kwamba tangu Januari mimi ndiye msimamizi wa wauguzi wote wa chumba cha upasuaji, wakiwemo Wafilipino, Wahindi, Wanigeria na Waingereza wenyewe. Daktari bingwa hashiki kisu kabla sijathibitisha kwamba kila kitu kiko tayari. Mwambie Baba Mdogo hilo, kwa heshima yote anayostahili.

Ninachoomba ni kwamba uitishe kikao tena kabla kadi hazijachapishwa, na useme wewe, maana wewe ndiye baba wa binti. Muulizeni na Sarah anamtaka nani. Rebeka na akae upande wangu wa kulia anisaidie, kwani mila za Kisoga anazijua vizuri kuliko mimi. Vipimo vya gomesi nimempelekea fundi wetu wa sokoni, na likizo yangu ya Desemba imekwisha kuidhinishwa.

Dawa za presha za Mama zitakuja na mgeni wa Mama Akello wiki ijayo. Anywe zile za asubuhi baada ya chai, si kabla.

Dada yako,
Esta