Detroit si maskini wa kuombewa: barua ya wazi kwa vijana wangu wa hoki

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu ziwafikie popote mlipo, Ann Arbor, East Lansing, Kalamazoo, na wewe uliye Houghton kwenye theluji isiyojua kukoma. Nawaandikia mbele za watu kwa sababu mlibishana mbele za watu. Jumamosi mlipotoka sebuleni kwangu, nusu yenu mlikuwa hamsemeshani. Mama yenu alikuwa akikusanya vikombe vya chai akaniuliza, "Hawa watoto wamegombania mechi ya nani?" Nikamjibu hapakuwa na mechi. Wamegombania mji.

Msomaji asiyewajua naye anastahili kuelezwa. Hawa ni vijana wetu wa Michigan, wengine wamezaliwa hukuhuku, walioipenda hoki ya barafu ya vyuo kama sisi wa Tanga tulivyopenda Coastal Union na African Sports: kwa kelele na kwa kununiana. Kila mwaka timu 16 za vyuo huingia kwenye mchujo, na nne zinazobaki hukutana Aprili katika mji mmoja uliopangwa miaka kadhaa kabla. Nusu fainali Alhamisi, fainali Jumamosi. Mashindano hayo huitwa Frozen Four. Ubishi wa sebuleni kwangu ulikuwa huu: je, Detroit unastahili kuwa mwenyeji tena?

Upande mmoja ulisema mji ule umekwisha, majengo matupu, mgeni atavunjiwa gari, heri apelekwe St. Paul au Boston. Upande wa pili, uliodhani unautetea mji, ukasema: wapeni tu, maskini, wameteseka sana, angalau wapate wageni. Nilinyamaza usiku ule. Chai ilikuwa ya moto na vichwa vilikuwa vya moto zaidi. Leo nasema: nyote mmenikera, na wale wa huruma ndio mlionikera zaidi.

Nilifika Michigan mwaka 1984, nikiwa na koti moja lililokuwa jepesi kuliko kanzu ya baba yangu. Machi iliyofuata, mwenzangu wa bwenini alikuwa na tiketi mbili za mashindano haya na mchumba wake akapata mafua. Ndivyo nilivyoingia Joe Louis Arena, jengo la kando ya mto lililopewa jina la bondia Joe Louis. Wakati huo hata jina la Frozen Four halijaanza kutumika. Hoki sikuijua kabisa. Kisahani kile cheusi, kinachopigwa badala ya mpira, sikukiona hata mara moja kwa muda wa nusu saa. Nilidhani kimepotea na wote wale wanakitafuta.

Halafu ikaja nusu fainali ya RPI na Minnesota Duluth. RPI ni chuo cha wahandisi cha jimbo la New York, vijana wa hesabu na rula. Muda wa kawaida ukaisha sare. Nyongeza ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Katika ya tatu ndipo RPI wakafunga, 6-5, na mimi nikajikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua aliyenuka bia na haradali. Fainali wakawafunga Providence 2-1. Na kilichonimaliza ni hiki: mchezaji bora wa mashindano akatajwa Chris Terreri, kipa wa Providence. Kipa wa walioshindwa! Nikasema moyoni, nchi inayoweza kumpa zawadi aliyefungwa, nitakaa.

Tulipokuwa tunatoka, bwana mmoja mtu mzima akatuhimiza twende haraka garini. "Mji huu umekufa," akatuambia, kwa upole kabisa, kama anayetuonya kuhusu utelezi.

Huo ulikuwa 1985. Mji huo uliokufa ulikuwa umekwisha kuandaa mashindano yaleyale mwaka 1977 na 1979 katika uwanja wa zamani wa Olympia, na ukayaandaa tena 1987 na 1990. Ukiwa maiti ukapokea Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 2006. Aprili 2024, kwenye sherehe za siku tatu za kuchagua wachezaji wapya wa NFL, ligi ya futiboli hiyo, walihesabiwa watu zaidi ya 775,000 mitaani mwake. Mimi nimezika watu wengi, hakuna hata mmoja aliyekaribisha wageni wengi namna hiyo baada ya mazishi.

Wala sitaki kuwadanganya kwamba haukuumia. Mwaka 1950 Detroit ulikuwa na watu wapatao milioni 1.85. Sensa ya 2010 ikakuta 713,777. Viwanda vya magari vilihamia nje ya mji na nje ya jimbo, barabara kuu zikapitishwa juu ya mitaa ya Weusi, ghasia za 1967 zikaua watu 43, na waliokuwa na uwezo wakahamia pembezoni, na kodi zao wakahama nazo. Tarehe 18 Julai 2013 mji ukaomba mahakama iutambue kuwa umefilisika, deni likikadiriwa dola bilioni 18 hivi. Wastaafu wa kawaida wa mji walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni yao. Wadai walitaka hata michoro ya jumba la sanaa iuzwe; mji ukakataa, zikachangishwa fedha, ikabaki ukutani.

Na hapa nijiseme kabla hamjanisema. Mimi mwenyewe niko Canton, huko pembezoni. Mwaka 1992 nilifunga virago nikatoka Detroit kwa ajili ya shule za watoto, kama walivyofanya wazazi wenu waliokwenda Novi na Troy. Tumeondoka na kodi zetu, halafu tunakaa mbali tunauonea huruma mji tuliouacha. Ndiyo maana neno lenu lile "maskini" lilinichoma. Sisi ni sehemu ya habari yake, si watazamaji.

Sasa tuje kwenye 2010, kwa sababu ndiyo fimbo mliyokuwa mnapigana nayo.

Mwaka ule Frozen Four haikuchezwa kwenye uwanja wa hoki. Ilipelekwa Ford Field, uwanja wa futiboli ya Kimarekani wenye viti 65,000 hivi. Barafu ikatandikwa katikati kama mkeka kwenye ua wa msikiti. Nusu fainali zikawa vipigo vitupu: Wisconsin 8, RIT 1; Boston College 7, Miami ya Ohio 1. Fainali, Boston College 5, Wisconsin 0. Waliohudhuria fainali ile ni watu 37,592, na wakati huo hapajawahi kuwa na mechi ya hoki ya ndani ya jengo iliyokusanya watu wengi kiasi hicho popote duniani. Lakini ukiitazama picha, utaona safu kwa safu za viti vitupu.

Mmoja wenu alisema: tazama, hawakujaza. Mwingine akajibu: tazama, wamevunja rekodi. Mlitumia hesabu moja kupigana, na nyote mlikuwa sahihi, na hakuna aliyekuwa anaongea habari za Detroit. Ungewachukua watu walewale ukawaweka kwenye uwanja wa kawaida wa hoki, wenye viti 18,000 hivi, wangejaa mara mbili na wengine wakabaki nje. Tatizo lilikuwa tamaa ya waandaaji, sufuria kubwa kuliko wali. Wangefanya hivyohivyo Boston, picha ingekuwa ileile.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja, nami nikashangaa maana wawili kati yenu ni wa Chuo Kikuu cha Michigan damu na jasho. Katika timu nne za mwaka ule, hapakuwa na hata moja ya jimbo hili. Mnakumbuka kwa nini? Michigan walikuwa mechi moja tu kufika nyumbani. Walicheza na Miami kule Fort Wayne, sare, muda wa nyongeza, wakaingiza goli, na mwamuzi akalikataa: alikuwa amekusudia kupuliza filimbi kabla kisahani hakijavuka mstari. Wakaendelea, na katika nyongeza ya pili Miami wakafunga, 3-2. Filimbi ile ndiyo iliyozuia basi baada ya basi la watu wenye jezi za njano na buluu kushuka Detroit, mwendo wa chini ya saa moja. Mimi nilikuwa nimeshanunua tiketi. Sijapata kuizungumza filimbi hiyo bila kupandwa na presha, kwa hiyo naiacha.

Zamu iliyofuata ilipangwa Aprili 2020, safari hii kwenye uwanja wa saizi yake, Little Caesars Arena, ulio katikati ya mji. Tarehe 12 Machi mashindano yote yakafutwa kwa ajili ya korona. Hapo pia mtasema mji una mkosi? Mkosi ulikuwa wa dunia.

Nasema haya si ili upande wa kwanza ushindwe na wa pili ushangilie. Nyie wa huruma, mlirudia mara tatu msemo wa wazee, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni msemo mtamu, lakini wazee hawakuutunga wakiwa wamekaa mlangoni pa uwanja. Huulizi kwanza ni mwenyeji yupi anayepona? Mwezi uleule mji ulipofilisika, jimbo liliidhinisha hati za mkopo kwa ujenzi wa uwanja huo mpya. Uliisha mwaka 2017 kwa dola milioni 863 hivi, na zaidi ya milioni 300 zilitokana na kodi za umma. Nyumba na maduka yaliyoahidiwa kuuzunguka hayakuja kwa kasi iliyotangazwa. Ukitoka nje ya milango yake unakutana na maegesho, tena maegesho. Mgeni anaingia kwa barabara kuu, anaegesha, anakula humohumo ndani, anatazama, anaondoka kwa barabara kuu. Mwenye maegesho amepona. Bibi anayeuza soseji kona ya tatu hajaonja kitu.

Kwa hiyo mkitaka kubishana, bishaneni juu ya hayo. Ulizeni vyuo vilivyo karibu ni vingapi (jimbo hili lina timu saba za daraja la kwanza, nadra kupata jimbo la namna hiyo). Ulizeni tiketi za wanafunzi zitakuwa bei gani, maana viti vitupu vina uhusiano wa damu na bei. Ulizeni wanaofagia uwanja usiku wanalipwa nini na wanarudi nyumbani kwa basi gani saa saba. Hayo yana majibu, na majibu yanaweza kuufaa Detroit au kuukataa. Lakini "mji umekufa" na "maskini wa watu" hazina jibu. Ni matusi mawili, moja limevaa kanzu.

Na kama siku moja Frozen Four itarudi, nawaomba kitu kimoja kuhusu Ijumaa. Mnajua Ijumaa haina mechi, hutolewa tu tuzo ya Hobey Baker kwa mchezaji bora wa mwaka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: basi Ijumaa hiyo shikeni jembe. Msikae hotelini Novi. Wapelekeni wageni wenu kwa QLine, tramu ya mji, haina nauli, inapita mlangoni pa uwanja na kupanda barabara ya Woodward hadi jumba la sanaa. Waonyesheni kuta alizochora Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, miaka ya 1932 na 1933, wafanyakazi wa viwanda wameinama juu ya mitambo. Jumamosi asubuhi, kabla ya fainali, wapelekeni Eastern Market wakanunue maua na mboga kwa watu wenye majina, wasalimiane nao.

Soko hilo lina kisa kinachotuhusu sisi watu wa pwani kuliko mnavyodhani. Mwaka 1952 ndugu wawili waliokuwa na duka la samaki hapo walimtupa pweza barafuni kwenye mechi ya Red Wings, timu ya kulipwa ya mji huu. Siku zile kombe la Stanley, taji la hoki ya kulipwa, lilihitaji ushindi wa mechi nane, na pweza ana mikono minane. Red Wings wakashinda zote nane bila kupoteza, na hadi leo watu wa Detroit wanatupa pweza. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, mwanamke aliyeshinda miaka akichokoa pweza kwa kijiti maji yakitoka, alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: "Wakishamtupa, nani anamla?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi hii nina pweza wa kilo tatu kwenye friji na mama yenu ameshamwagiza mtu ndimu. Nazi leteni ninyi, na ziwe mbili, na wabebaji wawe wale wawili mliotoka kwa milango tofauti.

Ni mimi mzee wenu,
Canton, Michigan