Moto ukishazimwa, aanze kusema mdogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila moto unapotokea hapa Mwanza, uwe wa sokoni au wa nyumba za milimani ambako gari halipandi, lawama huwa zile zile: gari limechelewa, maji yameisha. Hayo yana wasemaji wengi. Mimi, niliyetumikia kwa miaka 19 kikosi cha zimamoto cha kiwanda kimoja cha kuchambua pamba katika Kanda hii ya Ziwa, nataka kusema juu ya jambo lisilohitaji bajeti, nalo ni nani hufungua mdomo baada ya moto kuzimwa.

Pamba ina hila. Moto ukishaingia ndani ya robota lililoshindiliwa na kukazwa kwa waya, huweza kutambaa humo bila mwali na karibu bila moshi, na maji yanayomwagwa juu yasiufikie. Msimu mmoja tulizima moto ghalani, mkuu wa zamu akatangaza kwamba kazi imekwisha. Kijana mmoja, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili kazini, alikuwa amevua glavu na kuweka kiganja juu ya robota la safu ya chini, akakiondoa upesi. Alinitazama, akamtazama mkuu, akavaa glavu yake. Hakusema neno, na mimi niliyemwona sikusema, kwa kuwa kwetu kazi ya mdogo ilikuwa kujibu "Ndiyo, mkuu" na basi. Saa nane za usiku ghala likawaka upya, na safari hiyo paa lilikwenda.

Mkuu aliyekuja baadaye alileta utaratibu mwingine. Mipira ya maji ikishakunjwa, tulikaa chini kando ya gari, akaanza kusema wa cheo cha chini kabisa: ameona nini, na nini hakukielewa. Yeye mkuu alisema mwisho. Wakongwe tulinung'unika, na mmoja wetu akauliza kama sasa tutawapigia watoto saluti. Mkuu hakugomba, aliwakumbusha Wasukuma miongoni mwetu juu ya shikome, ule moto wa jioni ambapo wazee na vijana huketi pamoja wakazungumza.

Sitetei ubishi. Motoni amri ni moja, na anayeijadili anaweza kumuua mwenzake. Lakini nidhamu ya motoni tuliibeba mpaka kwenye benchi la chai, ambako haikuwa na kazi.

Ni katika kikao kama hicho kijana mwingine alipotuuliza kwa nini tunajivunia makoti yaliyojaa masizi, ambayo kwetu yalikuwa kama nishani. Tulicheka. Kumbe mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Tangu siku hiyo makoti yalifuliwa kiwandani, wala hayakupelekwa tena nyumbani kwa wake na watoto wetu.

Mwaka huohuo, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na kijana mmoja wao akaajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Natumaini aliyempokea alimuuliza kwanza ziwa limemfundisha nini, kabla ya kumfundisha saluti.

Ombi langu kwa wakuu wa vikosi vya mkoa huu, vya serikali na vya viwandani, ni robo saa tu baada ya kila tukio, na wao wasubiri zamu ya mwisho.

Yule kijana wa kiganja aliacha kazi kabla ya utaratibu huo kuanza. Mwaka jana nilikutana naye Mwaloni, Kirumba, akipakia dagaa. Kabla sijamuuliza lolote aliniambia kwamba robota lile lilikuwa la tatu kutoka mlangoni.

Mstaafu wa zimamoto,
Igoma, Mwanza.