Herufi za akriliki zinadondoka kwa sababu ya ukuta

Mhariri,

Herufi za akriliki (plastiki ngumu) zikidondoka kwenye bango la duka, lawama huangukia tepu inayozibandika. Mara nyingi kosa ni la ukuta. Rangi ya maji inayoacha unga kiganjani haishikiki: tepu hubanduka pamoja na rangi yenyewe. Ukuta wa namna hiyo, au wenye plasta isiyo laini, ufungiwe kwanza bamba la alumini kwa skrubu, kisha herufi zibandikwe juu ya bamba.

Futa bamba na mgongo wa herufi kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Isiguse kingo zilizokatwa kwa leza, maana huzitia nyufa ndogondogo. Tepu iwe ya povu, ya pande mbili, nene milimita 1 hivi. Nyembamba haivumilii jua: akriliki ya mita 1 hurefuka takriban milimita 2 joto likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi.

Tafadhali, mafundi, msipange mstari kwa jicho. Kiolezo cha karatasi chenye matundu ya herufi kibandikwe kwa tepu ya karatasi na kipimwe kwa pimamaji. Tepu ya povu ikishagusa haisogezeki, hivyo egemeza kwanza ukingo wa chini kwenye tundu, ndipo ulaze herufi na kuikandamiza kwa nguvu. Baada ya dakika 20 tepu hupata nusu ya nguvu yake. Nguvu yote huhitaji saa 72. Bango lisioshwe kabla ya hapo.

Mafundi wa mabango,
Tanga