Hayo matangazo yenu ya "bila upasuaji"

Mhariri salam. Mie nesi mstaafu, naishi Makorora hapa Tanga, gazeti lenu nalisoma sana ila ule ukurasa wa matangazo unaniudhi. Kila wiki dawa ya ngiri, bawasiri na uvimbe tumboni, vyote chupa moja, afu chini kwa herufi kubwa BILA UPASUAJI. Hivi nani kawaambia ugonjwa ni kisu?

Ngiri, huku wengi tunaita mshipa, ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, utumbo unatoka unarudi. Hakuna dawa ya kunywa ya kuziba tundu. Siku ukitoka ukakwama damu haifiki, masaa sita tu yanaweza kutosha kipande kikafa kikawa cheusi. Mgonjwa akiwahi hospitali wanaurudisha wanashona ukuta, basi, operesheni ya kawaida kabisa. Akichelewa wanakata utumbo uliooza na hapo roho iko mashakani.

Kuna na utumbo kujisokota, wanaume watu wazima ndo unawapata sana. Tumbo linajaa kama ngoma, linauma, hapati choo, hata upepo hautoki, baadae anaanza kutapika. Sasa sie tukiona hivo tunafanya nini? Haluli, ile dawa ya kuharisha! Au mafuta ya nyonyo, au bomba la maji ya sabuni kwa nyuma. Jamani njia imefungwa, ukisukuma kwa nguvu utumbo unaweza kupasuka kinyesi kikamwagika tumboni. Nimepokea wengi wa namna hiyo, mgonjwa mdomo unanuka nyonyo na ndugu zake wote wanaapa hajapewa kitu. Na huyo aliejisokota akiletwa mapema, utumbo haujafa, mara nyingi wanapitisha mpira kwa njia ya haja kubwa upepo unatoka tumbo linashuka hapo hapo, afu operesheni ya kuzuia usijisokote tena inapangwa kwa utulivu. Yani ata mwenye kuogopa kisu, kuwahi ndo kunamfaa.

Bawasiri nayo. Mtu mzima anaona damu chooni, choo mara kinafunga mara anaharisha, anakonda, anaishiwa damu, yeye ananunua chupa mana tangazo limesema bawasiri. Inaweza kuwa bawasiri kweli, inaweza pia kuwa saratani ya utumbo mpana, na huwezi kujua mpaka daktari apime kwa kidole (wanaume wa hapa mjini wanavyokimbia hicho kidole!) afu kamera ya kuangalia ndani ya utumbo, wachukue kinyama kikapimwe. Ikikutwa bado haijasambaa upasuaji ndo tiba yenyewe, wanatoa kile kipande na tezi zake za jirani wanaunga ncha mbili, na watu wanapona. Ila ukikaa na chupa mwaka mzima uvimbe unakua mpaka unaziba njia, unaletwa usiku tumbo limevimba, na ukipasuliwa kwa dharura hivo mara nyingi mdomo wa utumbo unatolewa pembeni ya tumbo unavaa mfuko wa kupokea choo. Mfuko wenyewe usiogopwe, wengine unafungwa baadae, na kwa wanaoniulizaga kuhusu swala, masheikh wanamhesabu mwenye udhuru, anatawadha kwa kila swala anaswali.

Hela najua ni shida, bima wengi hatuna, na kama mionzi inahitajika ni safari ya mbali, kama Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, nauli na pa kulala juu yako. Lakini hizo chupa nazo si za bure.

Tiba asili siipingi, mie mwenyewe mwarobaini nanywa. Sheria ya 2002 imeweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, basi mtu akileta tangazo mwulizeni kwanza Baraza limemruhusu kudai anatibu uvimbe? Na kama mnaona hela ya tangazo hamuwezi kuiacha, pembeni yake wekeni bure kibox kidogo: tumbo limejaa, linauma, unatapika, choo na upepo havitoki, usinywe haluli wala nyonyo, nenda hospitali ya Bombo usiku huo huo.

Nesi mstaafu,
Makorora, Tanga