Asante, dokta wa zamu ya Jumanne

Dokta uliyekuwa zamu Jumanne ile pale Mbagala, jina sikukuuliza, ila asante sana. Nilikuja na binti yangu wa miaka 12 na maneno ya uswahilini kichwani: eti chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inafunga uzazi. Wenzangu wa kikoba walishagoma (na mimi kwa kufuata mkumbo, sijambo!). Hukunicheka. Ulizima feni iliyokuwa ikipiga kelele, ukasogeza kiti, ukanieleza kuhusu virusi vya HPV vinavyoleta saratani hiyo, na kwamba tangu 2024 sindano ni moja tu, bure. Kisha ukasema, "Wa kwangu kashachomwa." Hapo nikalegea. Mwanangu alikunja uso kidogo, akadai ubuyu. Juzi wawili wa kikoba wameniuliza unapatikana siku gani.