Safari ya Jumamosi: nyumba za kuba, New Ngelepen

Habari zenu wapendwa. Tunaondoka Yogyakarta, Indonesia, saa 1 kamili asubuhi. Tusichelewe, maana saa sita jua la huko halina mchezo na picha hutoka nyeupe tupu. Kijiji kipo Sumberharjo, wilaya ya Prambanan, kwa hiyo hekalu la Kihindu la Prambanan tutalipitia wakati wa kurudi.

Nyumba zilijengwa baada ya tetemeko la tarehe 27 Mei 2006, ambapo ardhi ya kitongoji cha zamani iliporomoka. Zipo takribani 70, kila moja ina kipenyo cha mita 7. Mtakapofika, angalieni kwanza sehemu ukuta unapokutana na msingi. Walimwaga msingi wa duara, wakajaza puto kubwa kwa feni, wakafunga nondo juu yake, kisha wakapaka zege kwa mikono. Zege lilipokauka, puto lilitolewa na kutumika kwenye nyumba nyingine. Hakuna kona wala paa la kuezekwa, hivyo mtikisiko husambaa kwenye gamba zima badala ya kupasua kiungo kimoja.

Udhaifu upo: gamba jembamba likipata ufa, mvua hupenya. Kabati nalo halikai vizuri kwenye ukuta wa mviringo! Vyoo ni vya pamoja, vipo nje.

Humo wanaishi watu, si makumbusho. Pigeni hodi, ombeni ruhusa kabla ya picha, vueni viatu mlangoni. Bebeni rupia za noti ndogondogo, maji na kofia.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi jioni.