Shemeji anataka wakwe wakale kwa vijiti

Shangazi, shikamoo.

Naishi Nyegezi, hapa Mwanza, na shughuli yangu ni dagaa: nanunua Mwaloni Kirumba, nauza kwa jumla. Nimeolewa na mtoto wa kwanza katika familia kubwa ya Kisukuma. Nakuandikia kwa sababu ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Tunapendana na tunataniana vizuri, ila safari hii ananiweka pabaya.

Shemeji anafanya kazi Dar es Salaam. Alipokuja likizo aliandika kwenye kundi la familia, "Jumamosi nawaalika wote chakula cha jioni." Mahali alipochagua ni mgahawa mmoja upande wa Capri Point, wanapika vyakula vya Asia kwa kuchanganya: Japani, Uchina, Thailand, vyote kwenye menyu moja. Tulifurahi. Akakumbuka hata kupanga saa mbili usiku, maana mama mkwe ni Msabato wa siku nyingi, na Jumamosi kabla jua halijazama haingii mahali pa kununua na kuuza. Kwa hilo nilimpa heko.

Meza ilikuwa ya duara, katikati ina sinia la kioo linalozunguka. Watoto walilizungusha mpaka baba yao akawakaripia. Shemeji ndiye aliyeagiza kwa ajili ya meza nzima, kwa kuwa ndiye anayezijua zile sahani. Wakaja kamba wa kukaanga, ngisi wa pilipili, tambi zenye vipande vya nguruwe, na yale matonge madogo ya wali wa Kijapani yaliyowekewa samaki mbichi juu. Sasa Shangazi, mama mkwe hali kitu cha majini kisicho na mapezi na magamba, ndivyo Walawi 11 inavyosema, na nguruwe ndiyo usimtajie kabisa. Akawa anaangalia chakula kinampita. Kila sahani ikisimama mbele yake anamuuliza mhudumu kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, huyu ana magamba?" Kijana wa watu alikuwa na adabu: "Hapana bibi, huyo ni kamba." Zilipokuja mboga za majani mama akashukuru, akachota. Hajatia mdomoni, yule kijana karudi mbio kutoka jikoni: bibi, samahani, hizo zimetiwa sosi ya chaza. Mama akaweka kijiko chini.

Alichokula ni wali mweupe. Mwanamke aliyelima mpunga maisha yake yote! Akaniinamia: "Mwanangu, hawa wameupika bokoboko." Nikamweleza kwamba mchele wao ndivyo ulivyo, mfupi na wenye kunata, ndiyo maana unashikika kwa vijiti. Akacheka kidogo, akaendelea kutafuna.

Sitaki uone nauponda mgahawa. Mimi nilikula, nikashiba. Kulikuwa na sangara wa hapa hapa ziwani, amepikwa kwa mvuke na tangawizi, vitunguu vya majani na sosi ya soya, nami ninayeshinda na samaki kutwa nilitamani kuingia jikoni nione wanavyofanya. Huyo ana magamba, mama angemla bila wasiwasi wowote. Lakini iliagizwa sahani moja, ikaanzia upande wa vijana, ilipozunguka kufika kwetu imebaki mifupa na mchuzi.

Kisha bili. Shilingi 540,000. Shemeji akaisoma, akatoa simu, akapiga hesabu, akasema, "Jamani, tugawane sawa kwa sawa, watu wazima tuko tisa." Yaani 60,000 kila mtu. Mume wangu akalipa yake, yangu na ya mama. Sahani ya wali mtupu, Shangazi, 60,000. Wifi yangu mdogo, ambaye ndiyo kwanza ameanza ualimu, alinitumia ujumbe chini ya meza nimrushie hela asiaibike. Kwetu sisi anayesema "nawaalika" ndiye anayelipa. Shemeji anasema Dar wenzake wote hugawana na hakuna anayenuna. Inawezekana, wale ni marafiki zake wenye mishahara. Sisi kule tulikaa na mama mzazi.

Usiku ule mama alilala kwetu badala ya kurudi Kisesa. Tulipofika akaniomba kiporo cha ugali, nikamkaangia na dagaa. Alipokuwa anakula akaniambia, "Usimwambie mwanangu. Amefurahi kutuona." Nikamwahidi.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Huyo wifi mdogo anaolewa. Wazee wa upande wa mwanamume wanatoka Ukerewe, watavuka na meli kutoka Nansio mwisho wa mwezi huu waje tufahamiane. Shemeji ametangaza kwamba hatutawapikia nyumbani, tutawapeleka mgahawa ule ule, "wajue binti yao mtarajiwa anatoka familia ya watu walioendelea". Amesema ataagiza yeye tena. Mimi usingizi umenipaa. Wazee wale ni watu wa ugali wa muhogo na sato. Hatujawauliza wanakula nini na hawali nini. Wakae mezani na vijiti, sahani ziwapite kama zilivyompita mama, waondoke na njaa wakapande meli asubuhi? Na bili ikija mbele yao, simu zitoke, tuanze kugawana? Huko Ukerewe habari itafika kabla ya wao wenyewe.

Mume wangu ni mtu wa kunyamaza. Nikimgusia anasema mdogo wake atadhani tunamwonea wivu, na isitoshe mama alipolazwa Bugando, shemeji ndiye aliyebeba gharama zote, hakumdai mtu hata senti. Ni kweli. Si bahili huyu, na ndiyo maana sielewi ya ile bili. Nikisema mimi, nitaambiwa mke wa watu anaingilia shughuli ya ukoo. Mama mwenyewe neno lake moja lingemaliza yote, lakini halisemi, na nimemwahidi kutosema lililotokea jikoni kwangu.

Nimewaza wageni tuwapikie Kisesa kwa mama, halafu vijana peke yao waende Capri Point siku nyingine, wagawane wanavyotaka. Nimewaza pia, kama ni lazima iwe mgahawani, niende mapema niongee na jikoni: sangara wawili au watatu wazima, mboga zisizo na sosi ya chaza, vijiko mezani, na bili isiletwe mezani bali ilipwe kaunta. Hilo la pili naliweza mwenyewe bila kumuudhi mtu, ila shemeji akigundua nimebadilisha aliyoagiza mbele ya wakwe, sijui itakuwaje. Utani wa shemeji una mpaka.

Jana ameandika kundini kila mtu atume mchango wa kushikia meza kabla ya Ijumaa, na hela ziingie kwenye simu yangu kwa sababu mimi ndiye mtunza hazina wa familia. Watatu wameshatuma. Mume wangu amesoma, hajajibu.

Shangazi, nimpigie shemeji nimweleze bila kumtaja mama? Nimshinikize mume wangu aseme kama kaka mkubwa? Au nivunje ahadi niliyompa mama mkwe? Naomba unijibu kabla hiyo Ijumaa haijafika.

Mke wa kaka mkubwa,
Nyegezi, Mwanza